Rekodi za Chenin Blanc: zabibu nyeupe kutoka Loire hadi Dodoma

Zabibu nyingi za mvinyo zikipigwa na jua kali hujaa sukari na kupoteza uchachu wake, na mvinyo unaotokana nazo huwa mzito, hauna msisimko mdomoni. Chenin Blanc ni tofauti. Hata penye joto huiva uchachu wake ungalipo, na ndiyo maana zabibu hii nyeupe ya Ufaransa imekubali Cape, Nashik, kaskazini-mashariki mwa Brazili na hata Dodoma. Karibu kila rekodi inayofuata chanzo chake ni uchachu huo.

Iliyokaa kwao muda mrefu zaidi: Anjou, Ufaransa

Kwao ni Anjou, kwenye bonde la mto Loire, takriban digrii 47 kaskazini mwa ikweta. Uchunguzi wa vinasaba umeonyesha kwamba mmoja wa wazazi wake ni Savagnin, zabibu kongwe ya mashariki mwa Ufaransa. Mwandishi François Rabelais, mzaliwa wa bonde la Loire, aliitaja katika karne ya 16.

Hata huko kwao haideki. Chenin huchipua mapema na kuiva kwa kuchelewa, kwa hiyo hukumbana na baridi mwanzo wa msimu na mwisho wake. Aprili 2021 jalidi iliunguza machipukizi katika mashamba mengi ya Loire, na wakulima walikesha wakiwasha mioto midogo katikati ya mistari ya mizabibu kunusuru kilichobaki. Ufaransa leo ina takriban hekta 10,000 za Chenin, nyingi zikiwa Vouvray, Montlouis, Savennières, Saumur na kandokando ya mto Layon.

Eneo kubwa kuliko yote duniani: Afrika Kusini

Kwa ukubwa wa mashamba, mwana amempita mzazi. Afrika Kusini ina zaidi ya hekta 15,000 za Chenin, nyingi kuliko nchi nyingine yoyote. Hakuna zabibu iliyopandwa kwa wingi zaidi nchini humo: karibu hekta moja kati ya kila tano au sita za mizabibu ni yake.

Jan van Riebeeck wa Kampuni ya Kiholanzi ya Mashariki ya India alipanda mizabibu ya kwanza Cape mwaka 1655, na mvinyo wa kwanza ukakamuliwa Februari 1659. Inaaminika Chenin ilikuwa miongoni mwa aina za mwanzo kufika huko. Kwa vizazi wakulima waliiita Steen wakidhani ni zabibu ya kwao. Katika miaka ya 1960 Profesa C. J. Orffer wa Chuo Kikuu cha Stellenbosch alilinganisha majani ya Steen na ya Chenin kutoka Ufaransa, akathibitisha kuwa ni mzabibu ule ule.

Wingi huo haukuletwa na sifa za mvinyo peke yake. Chenin huzaa sana, na uchachu wake unafaa kwa brandi, kinywaji ambacho viwanda vya Cape vilikihitaji kwa wingi. Kwa miaka mingi sehemu kubwa ya mavuno iliishia kwenye mitambo ya kukeneka.

Chupa iliyouzwa kuliko zote: Lieberstein

Mwaka 1959 kampuni ya Stellenbosch Farmers' Winery ilitoa mvinyo mweupe wenye utamu kidogo, ukaitwa Lieberstein. Sehemu kubwa yake ilikuwa Steen, ikichanganywa na zabibu ya Clairette. Mwaka wa kwanza ziliuzwa lita 30,000. Mwaka 1964 zilifika lita milioni 31, na Lieberstein ikatajwa kuwa mvinyo wa chupa uliouzwa zaidi duniani.

Kilichowezesha hayo ni ubaridi. Zamani joto la Cape lilifanya maji ya zabibu yachachuke kwa fujo kwenye matangi na harufu yote ya tunda ikapotea. Mbinu ya kupoza matangi wakati wa kuchachusha ilipoingia, mvinyo ulitoka msafi, wenye harufu ya tunda, na kwa bei ambayo mtu wa kawaida aliimudu.

Anguko kubwa zaidi: California

Katika miaka ya 1980 California ilikuwa na Chenin nyingi kuliko Ufaransa. Ilipandwa kwenye bonde la kati lenye joto, ikatumika kuongeza uchachu katika mivinyo ya bei nafuu iliyouzwa kwa magaloni. Kisha wanywaji wa Marekani wakahamia Chardonnay, na mkulima hang'ang'anii zao lisilo na mnunuzi: mizabibu ikang'olewa, au kupandikizwa aina nyingine. Leo jimbo zima limebakiwa na chini ya hekta 2,000. Clarksburg, karibu na Sacramento, ni miongoni mwa maeneo machache ambako bado inapewa heshima.

Shamba dogo lenye jina kubwa: Coulée de Serrant

Huko Savennières kuna mteremko wa takriban hekta saba ambao watawa wa Cistercian walipanda mizabibu mwaka 1130. Mteremko huo una hadhi yake ya kisheria ya jina la asili, peke yake, na mmiliki wake ni familia moja. Zabibu inayoruhusiwa ni Chenin tu. Nicolas Joly wa familia hiyo aliugeuza kuwa shamba la kilimo cha kibiodinamiki tangu miaka ya 1980, bila dawa za viwandani, na akawa mtetezi mashuhuri wa kilimo hicho duniani.

Mavuno ya subira kuliko yote: Quarts de Chaume

Asubuhi za vuli ukungu hupanda kutoka mto Layon na kutanda kwenye mizabibu. Mchana jua huukausha. Hali hiyo hulea kuvu wa Botrytis, ambaye hutoboa ganda la zabibu, maji yakatoka, sukari na uchachu vikabaki vimekolea. Zabibu za kichala kimoja haziozi pamoja. Mvunaji hupita na mkasi wake, akachuma zile tu zilizosinyaa na kuwa kahawia, akaacha nyingine, akarudi siku nyingine, na tena, kwa wiki kadhaa.

Sheria inaruhusu lita 2,000 tu kwa hekta. Mwaka 2011 Quarts de Chaume ilipata daraja la Grand Cru, la kwanza katika bonde zima la Loire. Uchachu hufanya kazi hapa kama ndimu kwenye samaki: bila huo, utamu ungechosha baada ya funda la pili. Ndio pia unaoihifadhi mivinyo hii. Zipo chupa za Vouvray tamu za mwaka 1947 ambazo bado zinafunguliwa na kusifiwa.

Mizabibu mikongwe yenye muhuri

Afrika Kusini ilianzisha mwaka 2018 muhuri wa chupa unaothibitisha kwamba mvinyo umetokana na mizabibu yenye umri wa miaka 35 au zaidi, pamoja na mwaka wa kupandwa kwake. Kazi hiyo ilianzishwa na Rosa Kruger, mtaalamu aliyezunguka Cape akitafuta mashamba yaliyosahaulika. Chenin ndiyo inayoongoza kwa wingi kati ya mizabibu hiyo. Shamba linalojulikana kama Mev. Kirsten, huko Stellenbosch, lilianza kupandwa mwaka 1905.

Iliyo karibu zaidi na ikweta: Dodoma

Nchini India, kampuni ya Sula ya Nashik, digrii 20 kaskazini, ilianza na Chenin na Sauvignon Blanc. Thailand inailima Khao Yai. Brazili inailima kwenye bonde la São Francisco, takriban digrii tisa kusini. Katika orodha hii Dodoma inawazidi wote: digrii sita tu kusini mwa ikweta, juu ya mwinuko wa zaidi ya mita 1,000 unaopunguza joto la usiku.

Loire mzabibu hulala wakati wa baridi. Dodoma haulali, kwa hiyo mkulima ndiye anayeupangia msimu kwa mkasi. Akipogoa, macho ya matawi huamka, na baada ya miezi kadhaa vichala viko tayari. Hivyo huvuna mara mbili kwa mwaka: Februari na Machi, kisha Agosti na Septemba. Mavuno ya masika husumbuliwa na ukungu unaoshambulia majani na vichala. Ya kiangazi huwa safi zaidi, ila yanataka maji ya kumwagilia.

Mavuno mawili hayamaanishi mapato maradufu. Zabibu iliyokatwa haingoji mnunuzi, na wakulima wa Dodoma wamelalamika mara nyingi kuona mazao yakiharibika viwanda vilipojaa. Suluhisho linalosemwa sana mkoani humo ni kukamua mapema na kuhifadhi mchuzi wa zabibu kwenye matangi yaliyopozwa, ubaridi ule ule ulioifikisha Lieberstein ya Cape kwenye lita milioni 31.