Mwandishi wa Kilwa Alijuaje? (Sehemu ya Tatu)

Wiki iliyopita tuliwatazama wanazuoni wa hadithi na desturi yao ya kumkagua kila mpokezi: kasikia kwa nani, na je, walipata kuonana? Leo tuichukue mizani hiyo tupimie kitabu cha nyumbani, Kitab al-Sulwa, tarikh ya Kilwa Kisiwani.

Nakala iliyopo London iliandikwa Zanzibar, na mwaka 1877 Sultani Sayyid Barghash akaikabidhi kwa balozi wa Uingereza, John Kirk. Mtunzi hakuacha jina, ila anasema alizaliwa mwaka 904 wa Hijria, yaani 1499. Aliahidi milango kumi. Nakala inakatika mlango wa saba. Basi kati ya kalamu yake na nakala hii pana zaidi ya miaka mia tatu ya mikono tusiyoijua.

Hapo wengi hukimbilia kuuliza kama kitabu ni cha kweli au cha uongo, na swali hilo halitufikishi popote. Wareno walipoiteka Kilwa mwaka 1505, mtu huyu alikuwa mtoto wa miaka sita. Alikua akizungukwa na wazee walioyaona yale kwa macho yao, kwa hiyo akieleza habari za Wareno namtegea sikio. Akihamia kwenye majahazi saba yaliyotoka Shiraz, baba na wanawe sita, anasimulia mambo ya karne nyingi kabla hajazaliwa. Mtu ni yule yule, lakini hapa kasikia kwa nani?

Mreno João de Barros naye alichapisha habari za Kilwa mwaka 1552. Pwani hii hakuiona; alikuwa mtu wa ofisi huko Lisbon, akitegemea maandishi yaliyoletwa na waliosafiri. Kwake yeye majahazi ni mawili, na yametoka Hormuz. Wapo wanaofurahi kuona vitabu viwili vikikubaliana juu ya jina la Ali, mwanzilishi wa ufalme. Mimi sifurahi upesi. Vyote viwili chimbuko lake ni Kilwa, pengine simulizi moja, na mwangwi hauhesabiwi kuwa mtu wa pili.

Penye utamu ni hapa. Tarikh inasema wageni walipotua walimkuta kisiwani Mwislamu aitwaye Muriri wa Bari, na msikiti uitwao Kibala. Kitabu kinachojivunia asili ya Shiraz kina faida gani kukiri kwamba Uislamu ulishawatangulia watu wake? Sioni hata moja, na ndiyo maana nakiamini zaidi hapo kuliko penye majahazi. Hebu litazame na hilo jina: ile "wa" ya katikati haikupanda jahazi Shiraz. Tena Mark Horton, aliyechimba Shanga katika kisiwa cha Pate, alikuta mabaki ya msikiti wa miti wa karne ya 8.

Tumtafute sasa shahidi asiyepata kuisoma tarikh. Sarafu ya shaba ya Kilwa ni kitu kidogo: upande mmoja jina la mtawala, upande wa pili maneno ya kumtegemea Mungu, na pande hizo mbili zina vina kama vipande vya mshororo. Mwaka haukuandikwa. Neville Chittick, aliyechimba Kilwa miaka ya 1960, alikadiria kuwa Ali bin al-Hasan wa sarafu hizo, anayehesabiwa kuwa ndiye yule Ali mwanzilishi, alitawala mwishoni mwa karne ya 12, na wengi wakamfuata, maana mtaalamu kasema. Mwaka 1984 ikafukuliwa akiba ya fedha huko Mtambwe Mkuu, Pemba. Zilikuwa sarafu za fedha zaidi ya 2,000, baadhi zikiwa na jina la huyo huyo Ali bin al-Hasan, zimefukiwa pamoja na dinari za dhahabu za Wafatimiya za karne ya 11. Makadirio yakarudi nyuma zaidi ya miaka mia. Chittick hakudanganya, alihukumu kwa kilichokuwa mkononi, na waliomnukuu ndio waliosahau kutaja kwamba ni makadirio.

Wiki ijayo tutamwita Ibn Battuta, aliyefika Kilwa mwaka 1331. Huyu kaiona kwa macho yake. Akasema majengo yake ni ya miti, ilhali msikiti mkuu wa mawe ulikwishasimama.