Dar es Salaam ni Bandari ya Mkulima wa Kyimo Pia

Wapo wananchi wa huku Rungwe waliozoea kuihesabu Dar es Salaam kuwa ni mji wa wengine: mji wa joto na minazi, ulio zaidi ya kilomita 800 kutoka milangoni petu. Fikra hiyo haina budi kusahihishwa, kwani historia ya mji wenyewe inaikanusha.

Mahali hapo zamani palikuwa kijiji cha Mzizima. Maumbile yalipajalia mlango mwembamba wa bahari, unaopinda na kupanuka ndani ukawa ghuba tulivu, na Kigamboni ikaikinga na mawimbi. Katika miaka ya 1860 Seyyid Majid bin Said, Sultani wa Unguja, alianza kujenga hapo mji ulioitwa Dar es Salaam. Kwa Kiarabu, "dar" ni nyumba au makao, na "salaam" ni amani. Majid alifariki mwaka 1870, na ndugu yake Barghash, aliyemrithi, hakuiendeleza kazi hiyo. Majumba yakaanza kuwa magofu. Bandari ilikuwa ile ile, njema na salama, lakini misafara ya bara iliendelea kushukia Bagamoyo, na mji usiofikiwa na bara haukuweza kusimama.

Wajerumani walifika mwaka 1887, na mwaka 1891 wakahamishia hapo makao yao makuu. Hata hivyo kilichoupa mji nguvu ni Reli ya Kati, iliyoanza kujengwa mwaka 1905 na kufika Kigoma mwaka 1914. Mji ukanenepa kwa mazao ya mkulima wa bara. Hata jina la Kariakoo limetokana na kikosi cha wapagazi wa Vita Kuu ya Kwanza, watu waliotolewa vijijini kubeba mizigo ya vita isiyokuwa yao.

Baada ya Uhuru, njia za bandari hiyo zilielekezwa kwetu kusini. Bomba la mafuta hadi Ndola lilikamilika mwaka 1968, na Reli ya Uhuru, iliyojengwa kwa msaada wa China kuanzia mwaka 1970, ilikabidhiwa mwaka 1976. Zambia ikapata njia ya baharini isiyopita mikononi mwa walowezi wa Rhodesia, na Mbeya ikaunganishwa na pwani. Hadi leo malori ya shehena ya Malawi huiacha barabara kuu pale Uyole, yakapita hapa hapa Kyimo kuelekea Kasumulu. Ndizi, viazi na parachichi zetu hushuka pwani kwa barabara hizo hizo.

Serikali imehamia Dodoma, lakini sensa ya mwaka 2022 iliwakuta Dar es Salaam watu 5,383,728. Umma huo wa kila kabila, unaoelewana kwa Kiswahili, unakula kila siku, na wengi wao hawalimi. Basi, je, mkulima wetu anapata haki yake? Anauza mkungu kando ya barabara kwa bei anayotajiwa na mlanguzi, bila kujua bei ya sokoni mjini. Na vijana wetu, wakiona shamba halilipi, wanapanda basi bila kazi wala ujuzi. Baadhi yao huishia mabondeni, kama lile la Msimbazi, ambako mafuriko ya Desemba 2011 yaliwakosesha watu makazi, na Serikali ikalazimika kuwagawia viwanja Mabwepande.

Hatusemi kijana asiende mjini. Tunasema aende akiwa na kazi ya kufanya, na mzigo wa mzazi wake umtangulie ukiwa na bei ya haki. Viongozi wa vijiji na vyama vya ushirika wanao wajibu wa kuwakusanya wakulima wauze kwa pamoja na kwa mizani, na wawe na mjumbe wao sokoni Dar es Salaam wa kuwaarifu bei. Kazi hiyo inawezekana, na ianze msimu huu.