George Burns: Mume Aliyempisha Mkewe Jukwaani

Hebu jiulize, ni wanaume wangapi wanaoweza kusimama pembeni na kutabasamu kwa dhati wakati mke ndiye anayepigiwa makofi? Siku hizi wote wawili tunafanya kazi, na nyumba nyingi huanza kuingia baridi pale mmoja anapong'ara kuliko mwenzake. Ndiyo maana mwezi huu nimewaletea stori ya mchekeshaji wa Marekani, George Burns.

Alizaliwa New York tarehe 20 Januari 1896, jina lake halisi Nathan Birnbaum, katika familia ya Kiyahudi yenye watoto 12. Baba yake alifariki akiwa bado mdogo, akaanza kuimba mitaani kutafuta senti. Baadaye akaingia kwenye vodevili, yale maonyesho ambayo kwa tiketi moja unapata nyimbo, dansi, mazingaombwe na vichekesho. Kwa miaka mingi mambo hayakumnyookea. Alibadilisha washirika, akabadilisha hata majina ili apate kazi tena.

KUMBE NYOTA NI MWENZAKE

Mwanzoni mwa miaka ya 1920 akakutana na Gracie Allen, binti wa San Francisco. George alijipa vichekesho vyote, Gracie kazi yake ikawa kuuliza maswali tu. Jamani, watu wakawa wanacheka Gracie akiuliza, na George akijibu ukumbi unapoa!

Mwanaume mwingine angenuna, au angetafuta mshirika mwingine. George akageuza kibao: yeye akawa muulizaji, vichekesho vyote akampa Gracie. Hapo ndipo mlango ulipofunguka. Walifunga ndoa Cleveland tarehe 7 Januari 1926, ingawa mwanzoni Gracie alikuwa na mchumba mwingine. Mwaka 1932 wakaingia redioni, wakacheza filamu kadhaa, ikiwemo A Damsel in Distress ya 1937 pamoja na Fred Astaire, na kuanzia 1950 hadi 1958 wakawa na kipindi chao cha televisheni.

Usidhani George alikaa bure. Yeye ndiye aliyesimamia maandishi na kupanga kila kitu. Kazi yake watazamaji hawakuiona, lakini bila hiyo Gracie asingeng'ara vile.

Wala ndoa yao haikuwa ya malaika. George mwenyewe alisimulia kwamba aliwahi kutoka nje ya ndoa mara moja, na kwa majuto akamnunulia mkewe pambo la meza la fedha na pete ya almasi. Gracie hakusema neno. Miaka mingi baadaye George akaja kujua kwamba mkewe alimtania rafiki yake: angependa mumewe arudie kosa, maana anahitaji pambo jipya! Mimi binafsi nilicheka, kisha nikawaza ni maumivu kiasi gani yalijificha ndani ya utani ule.

MAISHA BAADA YA GRACIE

Gracie alistaafu mwaka 1958, moyo ukimsumbua. George akajaribu kipindi chake peke yake, hakikudumu zaidi ya msimu mmoja. Tarehe 27 Agosti 1964 Gracie akafariki. George alikosa usingizi mpaka alipohamia kwenye kitanda cha mkewe.

Halafu ikaja filamu ya The Sunshine Boys, ya wazee wawili wa vodevili. Nafasi ile ilikuwa ya rafiki yake kipenzi, Jack Benny, aliyefariki Desemba 1974. George akaichukua, na mwaka 1976, akiwa na miaka 80, akashinda Oscar ya mwigizaji msaidizi bora. Mwaka uliofuata akaigiza kama Mungu kwenye Oh, God! Alifariki tarehe 9 Machi 1996 akiwa na miaka 100, akazikwa pamoja na Gracie. Kwenye kaburi lao, jina la Gracie ndilo linalotangulia, kama alivyotaka yeye.

Kumpisha mwenzi wako si kushindwa. George alimpisha Gracie, wakapanda wote wawili, na zamu yake ilipofika hakuna aliyemkumbuka kama mume aliyefunikwa na mkewe. Je, wewe mpenzi msomaji, mara ya mwisho kumpigia mwenzi wako makofi ya kweli ilikuwa lini? Mwambie leo, tena mbele za watu.