Mwasumini hauiti nyoka

Nimeulizwa tena juzi, niko sokoni na fungu la mchicha mkononi: "Mtaalamu, kweli asumini huita nyoka?" Si kweli. Ningeliacha swali hili lipite, lakini linaua miti.

Mwezi uliopita niliitwa nyumba moja hapa Unguja. Mwasumini ulipandwa na marehemu mama wa mwenye nyumba, na sasa majani yake yalikuwa yameungua kingo zote. Nikainama. Shinani palikuwa na mabonge ya chumvi ya mawe ambayo bado hayajayeyuka, na juu yake walikuwa wamemwaga oili chafu. "Nyoka alionekana hapo, mwalimu. Tukaambiwa ndiyo dawa."

Nyoka hunusa kwa ulimi. Huutoa nje, hukusanya chembe za harufu na kuzipeleka kwenye kiungo kilichomo ndani ya kaakaa. Anachokitafuta ni panya, chura, mjusi. Ua haliliwi na nyoka, basi aliendee kwa lipi? Nilipoinua makuti yaliyorundikwa chini ya matawi nilikuta kinyesi cha panya. Juu yake, taa ya baraza inawaka usiku kucha: taa huleta wadudu, wadudu huleta mijusi kafiri, na mijusi ndio wanaomleta nyoka. Mti umesingiziwa kwa sababu unanukia saa zile zile anazotembea.

Chumvi ndiyo inayoniudhi zaidi. Nyoka huivuka tu. Bahari yetu yenyewe ina nyoka wake. Anayeumia ni mti. Udongo ukikolea chumvi, mizizi hushindwa kuvuta maji, mti ukafa kwa kiu na huku unamwagiliwa kila jioni. Oili nayo huziba hewa ya udongo. Kitunguu saumu wanachokiweka wengine angalau hakiui mti, ila nyoka hakimzuii.

Fanyeni hivi. Kateni matawi yanayotambaa chini, hadi yawe futi moja kutoka ardhini, fagieni shinani, ondoeni taa iliyo karibu. Nyoka akionekana msimguse, hata akiwa mwembamba wa kijani. Si kila wa kijani ni ukukwi asiye na sumu. Mwasumini unataka jua kwa muda wa saa sita kila siku, samadi iliyooza, na maji yasiyotuama. Yurea nyingi itawapa majani matupu. Maua hutoka kwenye machipukizi mapya, kwa hiyo pogoeni kila msimu wa maua ukipungua. Maua ya kikuba, lile shada la kunukia, yachumwe alasiri, yangali matumba meupe yaliyofumba.

Kwa mti ule tulitoa udongo wa juu, tukamimina maji baridi ndoo kwa ndoo. Nilikwangua gome kwa ukucha: chini kulikuwa bado kijani. Nilikata pingili tano za urefu wa kiganja, nikaondoa majani ya chini na kuzichomeka kwenye kopo la mchanga na samadi, kivulini. Mwenye nyumba amelihifadhi nyuma ya jiko, mbali na chumvi.