Jinsi ya Kukusanya Picha za Zamani za Tingatinga

Watu wengi waonapo picha ya Tingatinga hudhani kuwa ni kitu cha kuuzia watalii tu. Mimi pia nilidhani hivyo, mpaka likizo ya Disemba iliyopita, nilipomsaidia Bibi kujenga upya banda lake la kuku huko Tandika, Temeke. Mlango wa banda lile ulikuwa kipande cha ubao mwembamba. Nilipokigeuza niliona nusu ya ndege mkubwa mwenye madoa, amechorwa kwa rangi ya kung'aa. Nusu ya pili ilikuwa imevimba na kubanduka kwa mvua, na jina la mchoraji, kama lilikuwapo, lilikuwa limekwenda nayo. Bibi akasema, "Hiyo babu yako alikuja nayo kutoka Msasani, tungali vijana." Zaidi ya hapo hakujua kitu, na Babu amekwisha fariki. Tangu siku hiyo nimeanza kukusanya picha za namna hiyo, na nimeona vema niwaeleze wasomaji niliyojifunza.

Kwanza yafaa tujue asili yake. Edward Saidi Tingatinga alizaliwa mwaka 1932 wilayani Tunduru. Alikuja Dar es Salaam kutafuta kazi, akakaa Msasani, na mwaka 1968 akaanza kuchora. Alitumia hadibodi, yaani zile mbao nyembamba za kuwekea dari, na rangi za kupakia baiskeli, kwa kuwa vitu hivyo vilipatikana madukani kwa bei nafuu. Picha zake aliziuza nje ya duka la Morogoro Stores, Oysterbay. Mwaka 1972 alikufa kwa kupigwa risasi na polisi waliomdhania kuwa mhalifu. Basi alichora kwa miaka minne hivi tu. Jamaa na wanafunzi wake waliendeleza kazi hiyo, na mwaka 1990 wakaandikisha chama chao cha ushirika.

Sasa, picha ya zamani hutambulikanaje? Tazama nyuma yake kabla ya mbele. Picha za mwanzo zilichorwa juu ya hadibodi, ambayo upande mmoja ni laini na wa pili una alama kama za wavu. Picha nyingi za siku hizi huchorwa juu ya kitambaa, ili mgeni aweze kuikunja na kuitia mkobani. Kisha tazama mchoro wenyewe. Picha za mwanzo kwa kawaida zina mnyama mmoja au ndege mmoja aliyejaza ubao, na nyuma yake rangi chache tu. Lakini usiamini haraka jina lililoandikwa pembeni. Jina la Tingatinga limeigwa mara nyingi, kwa sababu picha zake halisi ni chache na hutafutwa sana Ulaya na Japani.

Ukiipata, itunze. Adui wa hadibodi ni maji, mchwa na jua kali. Usiiegemeze sakafuni wala kwenye ukuta wenye unyevu. Pangusa vumbi kwa kitambaa laini kikavu; usitumie petroli, maana itayeyusha rangi. Wala usijaribu kuipaka rangi mpya mahali ilipobanduka.

Lakini kazi kubwa ya mkusanyaji haihitaji fedha hata kidogo, nayo ni kuandika. Mimi nina daftari la kurasa 96. Kila picha ninayoonyeshwa, hata kama si yangu, naipa namba, naandika vipimo vyake, nani anayo, aliipata wapi, mwaka gani, na kwa mkono wa nani. Picha isiyo na habari zake ni kama mtoto aliyepotea sokoni asiyejua jina la baba yake. Tena, mzee akiwa hajui thamani ya picha yake, mwambie kweli. Kuinunua kwa bei ya kuni ni kumdhulumu.

Wenzetu wa Marekani nao walikuwa na vitu vya namna hii: mablanketi ya viraka yaliyoshonwa na akina bibi, na sanamu za bata za mbao za kuwategea bata wa kweli. Vilikuwa vyombo vya kazi tu, lakini baadaye watu walivikusanya, na tangu mwaka 1961 New York ina makumbusho ya sanaa hiyo ya watu wa kawaida.

Ndugu wasomaji, mtakapofika nyumbani likizo hii, tazameni nyuma ya kabati, darini na hata bandani kwa kuku. Mkikuta kitu, waulizeni wazee wangali hai. Ndege wangu wa nusu nimemsafisha na kumweka ndani, na daftarini ni namba 1. Lakini mahali pa kuandika jina la mchoraji pangali patupu.