Daraja Lisilo na Nondo

Garimoshi la mvuke liendalo kutoka Fort William hadi Mallaig, huko Uskoti, hupita juu ya daraja la Glenfinnan, lililopata umaarufu kwa filamu za Harry Potter. Daraja hilo lenye matao 21 na urefu wa mita 380 lilijengwa kwa zege tupu, bila nondo. Reli yake ilifunguliwa mwaka 1901. Je, kwa nini halivunjiki? Zege huhimili sana kugandamizwa, lakini hupasuka upesi likivutwa. Boriti iliyonyooka inapolemewa hupinda, na upande wake wa chini huvutwa. Tao, kinyume chake, huusukuma uzito pembeni na chini hadi kwenye nguzo, hivyo zege hubaki limegandamizwa. Umbo limechukua nafasi ya chuma.