Usiku wa Bukavu na joto la chachu

Kabla ya kasiksi, pombe yetu ya ndizi, kuwa kasiksi, ndizi hulazwa shimoni. Katika vilima vya Kabare na Walungu, nje ya mji wa Bukavu, ndizi za pombe hukatwa zikiwa bado mbichi. Shimo huchimbwa, moto ukawashwa ndani yake mpaka udongo ushike joto, majani ya mgomba yakatandikwa, ndizi zikapangwa na kufunikwa kwa majani na udongo. Siku tatu au nne baadaye zimeiva zote kwa pamoja, wanga umegeuka sukari, na kazi ya kukamua inaanza. Shimo lile ni mtambo wa kudhibiti joto. Waliolibuni walijua kwamba pombe hufaulu au huharibika siku nyingi kabla mtu hajaionja, na kwamba mwamuzi mkuu ni joto.

Baada ya shimo huja mikono. Ndizi zilizomenywa hukandwa pamoja na nyasi mpaka juisi itoke, ikaongezwa maji, kisha unga wa mtama uliokaangwa. Zamani mchanganyiko ulilala ndani ya mtumbwi wa mti wenye kuta nene, ukafunikwa majani ya mgomba mafungu kwa mafungu. Leo, mjini na hata vijijini, mara nyingi hulala ndani ya bidoni ya plastiki. Plastiki ni rahisi kuosha na kubeba, lakini ukuta wake ni mwembamba na haushiki joto hata kidogo. Uso wa Ziwa Kivu uko mita 1,460 juu ya usawa wa bahari, na Bukavu imejengwa ikipanda kutoka hapo. Mchana joto hufika digrii 25 hivi, usiku likashuka hadi 15 au chini zaidi, hasa kiangazi cha Juni hadi Agosti. Bidoni ya lita 20 hupanda na kushuka pamoja na chumba, na chachu iliyomo ndani hupanda na kushuka nayo.

Ninachotetea hapa ni kwamba mtu wa Bukavu anayetengeneza pombe nyumbani, iwe ya ndizi, ya mtama au ya shayiri, anaweza kujijengea mtambo mdogo wa kulinda joto unaojiendesha wenyewe usiku kucha, na kwamba mtambo huo usiige ule wa Ulaya. Maelekezo mengi ya huko huanza na frigo kuukuu: chomeka, funga kidhibiti, tia pombe. Kwetu frigo ndicho kitu cha mwisho cha kutegemea, kwa sababu umeme ukikatika kwa saa sita, frigo ni kabati tu.

Umeme wenyewe hauko mbali. Mto Ruzizi unatoka ziwani palepale mjini. Bwawa la Ruzizi I lilijengwa mwishoni mwa miaka ya 1950, na Ruzizi II, mali ya pamoja ya Kongo, Rwanda na Burundi chini ya kampuni ya SINELAC, likaanza kazi mwaka 1989. Maji hayo hayo yanazihudumia nchi tatu zenye watu wanaoongezeka kila mwaka, na kila familia ya mjini, iwe ya Kadutu, Bagira au Ibanda, inaijua ratiba ya mgao kwa moyo, hata pale ratiba yenyewe haifuatwi. Anayebuni kifaa chochote Bukavu lazima aanzie hapo.

Kuna sababu nyingine ya kulizungumza jambo hili sasa. Kwa miaka mingi, pombe ya chupa mjini ilimaanisha Primus ya Bralima, kampuni iliyoanzishwa Léopoldville mwaka 1923 na ambayo baadaye iliingia mikononi mwa Heineken. Kiwanda chake cha Bukavu kilikuwa na matangi yanayopoozwa, wahandisi na jenereta, hivyo mnywaji hakuhitaji kujua joto ni nini. Februari 2025 vita vya waasi wa M23 vilifika mjini, na katika ghasia zile kiwanda kikaharibiwa. Juni mwaka huo huo Heineken ikatangaza kwamba imepoteza udhibiti wa majengo yake ya Bukavu na Goma na kuwaondoa wafanyakazi wake. Ajira zilizotegemea kiwanda kile, za mashine, za malori, za maghala na za baa, haziwezi kurudishwa na bidoni za nyumbani. Lakini ujuzi wa joto uliokuwa umefungiwa nyuma ya ukuta wa kiwanda si siri ya kiwanda, na mji unaweza kuushika.

Chachu ni kiumbe hai. Louis Pasteur alionyesha hivyo nchini Ufaransa kuanzia mwaka 1857, na mwaka 1883 Emil Christian Hansen wa maabara ya Carlsberg kule Copenhagen akafaulu kuotesha chachu safi ya aina moja. Chachu ya pombe za kawaida hupenda digrii 18 hadi 22. Ile ya lager, jamii ya Primus, hufanya kazi kwenye baridi ya digrii 9 hadi 13. Joto likizidi, chachu hukimbia na kutoa pombe nzito zenye harufu kali zinazokwaruza koo. Likishuka ghafla, hulala kabla ya kumaliza sukari, na bakteria wa uchachu hupata nafasi. Wajerumani wa Bavaria walilijua hilo kwa kuumia: mwaka 1553 mtawala wao alipiga marufuku kutengeneza bia kuanzia tarehe 23 Aprili hadi 29 Septemba, maana bia ya kiangazi iliharibika. Zaidi ya miaka 300 ikapita mpaka Carl von Linde alipounda mashine yake ya kupoza katika miaka ya 1870, akiijaribu kwenye kiwanda cha bia cha Spaten mjini Munich. Sisi wastani wetu wa mwaka ni karibu digrii 20, yaani katikati kabisa ya kile chachu ya kawaida inachokitaka. Mtengenezaji wa Kinshasa au Mombasa angelipia hali hiyo kwa frigo inayonguruma mchana na usiku. Tatizo la Bukavu ni yale mabonde na vilima vya joto kati ya saa nane mchana na saa kumi na moja alfajiri, pamoja na joto linalozalishwa na chachu yenyewe.

Hilo la mwisho watu wengi hawalitazamii. Lita 20 za togwa, yaani pombe kabla ya kuchachuka, yenye sukari ya kawaida, zikichachuka bila joto lake kupata pa kutokea, zingeweza kujipandisha kwa zaidi ya digrii kumi. Kwa kuwa sehemu kubwa hutoroka kupitia ukuta wa chombo, kwa kawaida pombe huwa juu ya chumba kwa digrii tatu hadi tano siku inapochemka kwa nguvu. Kwa hiyo kipimajoto kilichotundikwa ukutani kinadanganya. Kihisi kinatakiwa kugusa chombo, kikiwa kimefunikwa kwa kipande cha sponji ili kisihisi hewa ya chumbani, au kizamishwe ndani ya pombe kupitia mrija uliozibwa chini.

Kihisi kinachofaa ni kile kiitwacho DS18B20, kilichofungwa ndani ya kichuma kisichoshika kutu, ambacho hukosea si zaidi ya nusu digrii katika joto lolote linalohusu pombe. Huunganishwa na Arduino, kibao kidogo cha kompyuta kilichobuniwa Ivrea, Italia, mwaka 2005, ambacho mpango wake wa saketi ni wa wazi na kwa hiyo nakala zake ni za bei nafuu. Anayetengeneza simu sokoni Kadutu au Nyawera ana mkono wa kutosha kuunganisha vitu hivi. Kuchomea risasi kwenye simu ni kazi ngumu kuliko hii. Asiyetaka kuandika programu anaweza kununua kidhibiti kilichokamilika cha aina ya STC-1000, chenye swichi mbili ndani yake, moja ya kupasha na moja ya kupoza.

Kabla ya kukiamini kihisi, kijaribu. Hapa mwinuko wetu una neno la kusema: maji ya Bukavu huchemka karibu digrii 95, siyo 100 kama vitabu vinavyosema, kwa sababu hewa ya mlimani ni nyepesi. Ukikitia kihisi kwenye maji yanayochemka kikasoma 95, usikitupe, kinasema kweli. Jaribio la kutegemewa ni barafu iliyopondwa ndani ya maji kidogo. Hiyo ni sifuri mahali popote duniani, Kamituga hata Kisangani.

Programu yenyewe ni fupi. Tuseme unataka digrii 20. Usiiambie mashine iwashe na kuzima pale pale kwenye 20, maana itabofya usiku mzima na kuua swichi zake. Ipe nafasi: ipoze ikifika 20.5, iache ikirudi 20. Ipashe ikishuka 19.5, iache ikirudi 20. Nusu digrii kila upande chachu haiihisi. Na kwa kuwa lita 20 hubadilika taratibu, ipime kila dakika moja tu, iandike namba kwenye kadi ya kumbukumbu, ili asubuhi uone usiku ulipitaje. Daftari hilo la namba nalithamini kuliko swichi zote. Hata mtu asiye na chochote cha kupasha wala kupoza atajifunza mengi kwa wiki moja ya kusoma joto la pombe yake saa kwa saa.

Kwenye kupoza ndipo ninapopingana kabisa na frigo. Lita moja ya maji ikikauka na kuwa mvuke hubeba kilojuli zipatazo 2,400 za joto, zaidi ya maradufu ya joto lote litakalotolewa na lita 20 za pombe tangu mwanzo hadi mwisho. Basi visha bidoni shati la pamba, simamisha chombo ndani ya beseni lenye maji, shati lichovye na kunyonya maji, kisha weka mbele yake feni ndogo iliyotolewa kwenye kompyuta mbovu. Feni hiyo ya volti 12 hula wati mbili au tatu. Kidhibiti huiwasha joto likizidi, na betri ya pikipiki iliyochajiwa na sola huihimili hata umeme usipokuwapo. Msimu wa mvua hewa hubeba unyevu mwingi na maji hukauka polepole, kwa hiyo usitegemee kushuka zaidi ya digrii chache, lakini digrii hizo chache ndizo zinazohitajika.

Kupasha ni kugumu zaidi, kwa sababu betri ndogo haiwezi kulipa joto la usiku mzima. Dawa ni uzito wa maji. Tumbukiza bidoni ya pombe ndani ya pipa lenye lita 100 za maji, ukalizungushia blanketi, magunia au majani makavu ya mgomba. (Pipa hili na lile shati havitumiki pamoja: pipa ni la miezi ya baridi.) Maji hayo yakishuka digrii moja tu huwa yametoa joto sawa na kifaa cha wati 12 kilichowaka karibu saa kumi. Kidhibiti basi kipewe kanuni ya pili: umeme ukiwapo, ruhusa kupasha pipa mpaka 20.5; ukikatika, tulia na uishi kwa akiba. Hita ndogo ya kuzamishwa inatosha, ila ifungwe na fundi anayejua kuweka waya wa ardhini, kwa sababu maji na volti 220 havina msamaha. Wengine hutumia ampuli ndani ya kabati. Ampuli za kisasa hazitoi joto la maana, inatakiwa ile ya zamani yenye uzi, na ifunikwe kwa kopo, maana mwanga huipa harufu mbaya bia iliyotiwa hopsi.

Nimeeleza hesabu za lita 20 kwa sababu ndipo mtu anapoanzia. Lakini faida kubwa naiona kwa akina mama wanaouza kasiksi. Pombe yao haikai. Ikishafikia utamu wake ina siku chache kabla ya kugeuka siki, na ikichelewa kuchachuka usiku wa baridi, inakosa siku ya soko au siku ya posa iliyoagiziwa. Tena ndizi zenyewe si nyingi kama zamani: mnyauko wa bakteria ulionekana Kongo kwa mara ya kwanza Masisi mwaka 2001, ukashuka hadi Kivu Kusini, na kijiji kilichopoteza migomba hakina ndizi za kupoteza tena kwenye bidoni iliyoharibika. Kila kihisi cha DS18B20 kina namba yake ya pekee, ndiyo maana vihisi vingi vinaweza kuning'inia kwenye waya mmoja na kibao kimoja kikavisoma vyote. Mama mwenye bidoni sita, au majirani watatu wenye mbili mbili, wanahitaji kibao kimoja tu.

Kwamba pombe ya ndizi inaweza kufika mbali ikishikwa kwa kipimo, Arusha imeonyesha. Banana Investments, kampuni iliyoanzishwa huko mwaka 1993 na Adolf Olomi, hutengeneza pombe ya ndizi, huitia kwenye chupa na kuiuza madukani Tanzania. Huko nako ni ndizi na chachu. Kilichoongezeka ni usafi, kipimo, na joto lisiloachwa lijiamulie.

Bukavu ina Chuo Kikuu cha Kikatoliki, ina Chuo Kikuu Rasmi, ina Chuo cha Kiinjili. Kabare kuna kituo cha utafiti wa kilimo cha INERA Mulungu, na kituo cha sayansi cha Lwiro kilichoanzishwa mwaka 1947. Mwanafunzi wa uhandisi anayetafuta mada ya kuhitimu anaweza kuchukua bidoni tatu za juisi moja, mtama mmoja, siku moja, akaziweka kwenye digrii 18, 22 na 26, akaandika joto kila dakika, kisha akawapa wazee wa Kabare waonje bila kuwaambia ipi ni ipi. Kiangazi ndicho kipindi kizuri cha kuanza, usiku ukiwa wa baridi kweli na kazi ya pipa ikionekana waziwazi kwenye namba.